Leseni ya chuo huangalia kazi unayoifanya

Kila mwaka, wiki za mwisho kabla ya kukabidhi tasnifu, foleni mlangoni kwangu hurefuka. Wengi huja na laptopu mkononi na maneno yale yale: "Shikamoo, SPSS imegoma." Nikiifungua naikuta programu hiyo ya takwimu imekrakiwa, yaani kufuli lake la leseni limevunjwa; imetoka kwenye flashi ya rafiki ambaye naye aliipata kwa rafiki mwingine, na kabla ya kuisakinisha waliambiwa wazime kwanza antivairasi. Mwenye laptopu si mwizi. Ni mwanafunzi aliyeambiwa na msimamizi wake alete majedwali ya SPSS ifikapo Ijumaa, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba chuo kina leseni, inapatikana wapi, na yeye anaruhusiwa kuitumiaje.

Nasimamia leseni za programu katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Naandika haya kwa sababu naamini kosa kubwa ni letu sisi wa TEHAMA: tunabandika ukutani tangazo la kukataza, tukishabandika tunaondoka. Kueleza hatuelezi.

Watu husema "chuo kimenunua SPSS." Hakijainunua. SPSS ni mali ya kampuni ya IBM tangu 2009, na chuo kimelipia ruhusa ya kuitumia tu. Ruhusa hiyo ina mipaka mitatu: watu, shughuli na muda. Ni kama kupanga chumba. Kodi ya miezi sita umelipa, ufunguo unao, unalala kwa amani. Lakini ukimpangishia mtu mwingine, au ukafungua grosari sebuleni, mwenye nyumba anaweza kukutoa hata kama kodi haijaisha.

Mpaka wa watu unaeleweka upesi: mwanafunzi aliyesajiliwa, mwajiriwa, wakati mwingine mhadhiri mgeni. Mdogo wako wa sekondari hayumo, hata kama laptopu ni ya nyumbani. Mpaka unaowaponza hata watu wenye shahada tatu ni huu wa pili, wa shughuli.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana aliniita nimwekee ArcGIS, programu ya ramani, kwenye laptopu mpya. Tukiwa tunasubiri, akanieleza kwa furaha kwamba amepata kazi ya ushauri, kuchora ramani za mradi wa maji kwa kampuni binafsi. Nikasimamisha mkono. "Dokta, samahani, hii haiwezi kutumika kwa kazi hiyo." Akashangaa: "Kwani mimi si mwajiriwa wa chuo?" Ni mwajiriwa, tena wa siku nyingi. Asubuhi akiwafundisha wanafunzi kuchora ramani, leseni ya elimu inamhusu. Jioni akichora ramani kama ile ile, kwa laptopu ile ile, ili kampuni imlipe, haimhusu tena. Wenye programu huviuzia vyuo kwa bei ya chini kwa ajili ya kufundisha na kutafiti. Punguzo limetoka hapo, na mkataba unalitaja waziwazi.

Pagumu ni katikati. Utafiti wa mfadhili ambao matokeo yake yatachapishwa kila mtu ayasome, kwa kawaida hauna shida. Utafiti ambao kampuni imeulipia na matokeo yanabaki kuwa siri yake, tarajia kukataliwa. Kazi ya ushauri inayopitia ofisi ya chuo, fedha zikiingia akaunti ya chuo, hapo mikataba inatofautiana na lazima usomwe ule ule unaohusika. Mimi sijibu swali hilo kwa kichwa, na mtu wa TEHAMA anayekujibu kwa kichwa usimwamini. Dokta wetu tulimshauri aweke gharama ya leseni ya kibiashara kwenye bajeti ya kazi, mstari mmoja kati ya usafiri na posho. Mteja alilipa bila neno.

Kwa wanafunzi wa usanifu majengo na uhandisi, jambo hili huja kwa sura ya nyumba ya mjomba. Kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi programu zake za kuchora, AutoCAD na Revit, bure, mwaka mmoja mmoja, baada ya kuthibitisha kuwa wanasoma. Zamani mchoro uliochorwa kwa programu ya mwanafunzi ulitoka kwenye printa ukiwa na maandishi pembeni yanayoutangaza kuwa ni wa programu ya elimu. Ukikata kipande chake ukakibandika kwenye mchoro safi, maandishi yalihamia huko nako. Ofisi za wasanifu ziliziogopa faili za wanafunzi kama ugonjwa wa kuambukiza. Maandishi yaliondolewa, masharti yamebaki. Ukichora nyumba ya mjomba ili ujifunze, chora usiku kucha. Akikulipa, hapo umetoka nje ya mpaka.

Na kuna jambo linaloniumiza kuliko la mjomba. Mwanafunzi yuko field, leseni ya ofisi imekwisha, bosi anamwambia, "Wewe si una ya chuo? Tumia hiyo, kazi ya mteja iende." Kijana wa field hana sauti mbele ya bosi, barua yake ya tathmini iko mikononi mwa mtu huyo. Akaunti itakayofungwa siku ya siku ni yenye jina lake. Ikikutokea, usibishane peke yako. Mpigie msimamizi wako wa chuo, hata kwa ujumbe mfupi, yeye azungumze na ofisi. Nimeona jambo hili likimalizwa kwa simu moja ya dakika tano.

Twende maabara. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Mtaalamu, MATLAB inasema leseni zimejaa, mbona maabara ni tupu?" Mtu aliyekuja kufanya hesabu zake kwa programu hiyo anahisi tunamdanganya. Kuna leseni zinazoandikwa jina la mtu, kuna zinazofungwa kwenye kompyuta moja, na kuna za kupokezana. Hizi za kupokezana ndizo zenye kuchanganya. Programu inaweza kuwa imesakinishwa kwenye kompyuta 80 wakati chuo kimelipia nafasi 25. Ukiifungua, inauliza seva ya leseni, kompyuta ya chuo inayogawa nafasi: kuna nafasi? Ukiifunga, nafasi yako inarudi kwenye kapu. Ni daladala ya levo siti. Viti vikijaa, abiria wa 26 anabaki kituoni, na kondakta huyu habembelezeki.

Kinachotokea ni kwamba mtu anafungua programu saa mbili asubuhi, anafunga skrini, anakwenda darasani, kisha mgahawani, kisha anasali adhuhuri. Kwa seva, yeye bado amekalia kiti. Jioni moja ya msimu wa tasnifu nilitazama orodha kwenye seva nikakuta nafasi zote zimeshikwa. Nikazunguka maabara kwa miguu. Waliokuwa wakifanya kazi kweli walikuwa saba. Kwenye ngazi, nje, walikaa wengine wanasubiri, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Siku ile ile niliiwekea seva kanuni kwamba programu ikikaa saa chache bila kuguswa, nafasi inarudi kwa wengine. Ukirudi unaweza kuendelea ulipoishia, ila huenda nawe ukasubiri. Kwa hiyo ukiinuka, hifadhi kazi yako na uifunge kabisa. Kuna mtu kwenye ngazi.

Windows na Office za kompyuta za chuo nazo zina tabia yake. Nyingi haziamilishwi kwa ufunguo wa kila mmoja. Zinaamilishwa na seva iliyo ndani ya mtandao wa chuo, na uhai wanaopewa ni wa siku 180. Kompyuta ikiwa chuoni hujihuisha yenyewe kila baada ya siku 7, mtumiaji hajui kitu. Ikikaa mbali zaidi ya siku hizo 180, inaanza kulalamika. Mhadhiri wetu aliyekwenda kusoma PhD Ulaya alinipigia mwezi wa saba tangu aondoke, sauti imejaa wasiwasi: "Windows inasema si halali. Mlinipa ya wizi?" Tuliunganisha laptopu yake na mtandao wa chuo kwa VPN, njia ya kuingia mtandao huo ukiwa mbali, ikaongea na seva, ikatulia. Sasa kila anayekwenda masomoni namweleza hili kabla hajapanda ndege.

Programu nyingi za kukraki Windows na Office hupitia mlango huo huo: hujifanya seva ya aina hiyo ndani ya kompyuta yako. Ndiyo sababu zinataka uzime antivairasi na uziruhusu kama msimamizi wa mashine. Fikiria umemkabidhi mgeni usiyemjua jina funguo zote za nyumba, na mlinzi ukamwambia akalale. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa maandishi yanayolindwa, kwa hiyo kosa la kisheria lipo. Lakini sitaki kukutisha kwa mahakama. Nilichokiona kwa macho yangu ni binti aliyezunguka vijijini na dodoso zake kwa miezi miwili, kisha faili zake zote zikafungwa na virusi vinavyodai fidia, na nakala pekee ilikuwa kwenye flashi iliyochomekwa wakati huo huo. Tulijaribu kila njia. Alirudia kuingiza data kutoka kwenye karatasi, moja baada ya nyingine.

Nami nimewahi kukosa. Miaka ya mwanzo kazini nilitengeneza nakala ya diski moja, nikaimwaga kwenye kompyuta za maabara mbili, huku leseni ikiwa ya maabara moja. Programu haikulia wala haikugoma, na mimi nilidhani kinachowaka kimeruhusiwa. Muuzaji alipoandika kuomba hesabu ya mashine, nilikaa na karatasi mbili, ya mkataba na ya maabara, nikaona tofauti. Nilikwenda kwa mkurugenzi wangu nikamwambia mwenyewe kabla hajaulizwa. Ilibidi tuondoe programu kwenye maabara nzima katikati ya muhula, na darasa moja likahamishiwa jioni. Wanafunzi wale hawakuwa wamekosa chochote.

Neno "bure" nalo lina mitego. Java ya kampuni ya Oracle, ambayo baadhi ya programu huihitaji ili ziendeshwe, wengi huipakua bila kufikiri. Januari 2023 Oracle walianza kuuza leseni yake kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa taasisi, hata wasiowahi kuigusa. Chuo chenye maelfu ya wafanyakazi kinaweza kujikuta kwenye mazungumzo magumu kwa sababu ya watu wawili watatu waliobofya "nakubali" kwa barua pepe ya chuo. OpenJDK, Java iliyo huria, inafanya kazi hizo hizo nyingi bila deni. Ombi langu kwa wafanyakazi wenzangu: kabla ya kubofya nakubali kwa niaba ya ofisi, tuulize. Dakika hizo mbili hazitakuchelewesha.

Kisha kuna bure ya kweli, ambayo nayo ina leseni, ila leseni yake ni ya ukarimu. R, programu ya takwimu, ilianzishwa Chuo Kikuu cha Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman mwanzoni mwa miaka ya 1990, na inatolewa kwa masharti ya GPL, leseni ya programu huria: itumie kwa tasnifu, kwa ushauri, kwa biashara, mpe rafiki, mpe mjomba. QGIS kwa ramani iko hivyo hivyo, Octave inasoma sehemu kubwa ya kazi za MATLAB, na PSPP inafungua faili za SPSS. Hapa nyumbani, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu mtu yeyote kuifasiri na kuigawa bila kuomba kibali. Nawaomba wasimamizi wa tasnifu: mkimwambia mwanafunzi "lete SPSS," jiulizeni kwanza kama mnataka SPSS au mnataka jedwali sahihi.

Mpaka wa tatu, muda, hupuuzwa hadi unapouma. Usajili wako ukikoma, ruhusa nayo inakoma. Office ya akaunti ya chuo itabaki ikifungua nyaraka na kuzichapa, lakini kuhariri itakataa. Akaunti ya Microsoft ikifutwa, mafaili yaliyo OneDrive, ghala lake la mtandaoni, kwa mpangilio wa kawaida hubaki siku 30 tu kabla ya kupotea. Kwa upande wa Google, tangu Julai 2022 chuo hupewa terabaiti 100 za kugawana watu wote, kwa hiyo nafasi ya mhitimu inahitajika kwa anayeingia. Usisubiri joho la mahafali. Mwezi ule unapomaliza, hamisha kila kitu kwenye akaunti yako binafsi na kwenye diski ya nje. Data za SPSS zitoe pia kama CSV, faili la maandishi matupu ambalo programu nyingi hulifungua, na uandike kwenye faili la pembeni kila namba ina maana gani, maana miaka miwili baadaye hutakumbuka kama 1 ilikuwa mume au mke.

Mwezi uliopita alikuja muuguzi aliyehitimu kwetu zamani kidogo, anafanya kazi wilayani. Jarida moja lilikuwa limempa wiki mbili kurekebisha makala yake, na alichokuwa nacho ni faili la SPSS kwenye flashi na laptopu isiyoweza kulifungua. Alitaka nimpe "ya chuo." Nilimwambia siwezi, kisha nikamvutia kiti, tukasakinisha PSPP kwenye laptopu yake. Faili likafunguka, majina ya vigezo vyake yakajipanga kwenye skrini kama alivyoyaacha. Akatoa simu akampigia msimamizi wake wa zamani pale pale mezani kwangu: "Mwalimu, shikamoo. Zimepatikana."