Jozi ya funguo katika seva ya Linux: maana yake na utunzaji wake

Jozi ya funguo ni faili mbili zinazotengenezwa pamoja kwa njia ya hesabu, moja ikiitwa ufunguo wa umma na nyingine ufunguo wa siri, ambazo seva ya Linux huzitegemea kumtambua msimamizi wake anapoingia kwa SSH, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, bila kumtaka nywila. Jina lenyewe huwapotosha wengi, kwa kuwa ufunguo wa umma unafanana zaidi na kufuli: unaweza kuuweka kwenye seva mia moja au kuubandika hadharani, na hakuna atakayeingia popote kwa sababu tu anao. Kinachofungua ni ule wa siri peke yake.

Mtumiaji anapobisha hodi, kompyuta yake hutumia ufunguo wa siri kutia saini data ya kikao hicho, na seva huihakiki saini hiyo kwa ufunguo wa umma uliokwisha kuandikwa katika faili la authorized_keys, yaani orodha ya funguo zinazokubaliwa na seva hiyo. Ufunguo wa siri hausafiri. Nywila, hata ikipita katika njia iliyosimbwa, hufika mpaka kwenye seva, na aliyekwisha kuiteka seva hiyo anaweza kuinasa. SSH yenyewe ilitokana na wizi wa nywila: mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliiandika baada ya nywila zilizokuwa zikipita waziwazi katika mtandao wa chuo hicho kunaswa.

Kutengeneza jozi ni kazi ya amri moja, ssh-keygen -t ed25519, ambapo ed25519 ni aina ya ufunguo. Uangalifu unahitajika baadaye: saraka ya .ssh ipewe ruhusa ya 700 na ufunguo wa siri 600, yaani mwenyewe tu ndiye azifikie, kwani SSH hukataa kuutumia ufunguo ambao watumiaji wengine wanaweza kuusoma, na ufunguo huo nao ulindwe kwa nywila yake, ili anayeiba kompyuta asipate seva pia. Ukishathibitisha kwa kikao cha pili kwamba ufunguo unakubaliwa, na kile cha kwanza kikiwa bado wazi, ndipo uandike PasswordAuthentication no katika sshd_config, faili la mipangilio ya SSH kwenye seva, ili kuzima kuingia kwa nywila. Anayetangulia kufunga mlango wa nywila kabla ya kuujaribu ule wa ufunguo hujifungia nje.

Hata hivyo, ufunguo hauwi imara kuliko namba zisizotabirika zilizouzaa. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji, katika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, aliondoa mstari uliokuwa ukiingiza data isiyotabirika, na kasoro hiyo ilipotangazwa Mei 2008 ilibainika kwamba kilichobaki kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato tu, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, isiyozidi 32,768, kwa hiyo mshambuliaji aliweza kuzitengeneza zote mapema na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Kusasisha programu hakukuponya funguo zilizokwisha kuzaliwa. Ilibidi zitengenezwe upya, na zile mbovu zifutwe hata katika seva ambazo hazikuwahi kuendesha Debian.

Hapo ndipo ninapoona usimamizi wa funguo unapolegea zaidi: tunaziongeza kwa urahisi na kusahau kuziondoa. Faili la authorized_keys halina tarehe ya mwisho isipokuwa umeiandika mwenyewe, kwa hiyo mfanyakazi aliyeondoka ataendelea kuingia mpaka mstari wake ufutwe katika kila seva ulikowekwa.