Konokono wa baharini mwenye sumu: msisubiri maumivu

Kila bamvua, maji yakipwa, watu wanashuka mwambani kutafuta pweza na simbi za kuwauzia wageni. Na kila bamvua zahanatini tunapokea waliochomwa. Wa mwiba wa taa, yule samaki bapa, huja mbio, maana maumivu hayamwachi akae. Ninayemhofia mimi ni yule asiyelia, aliyechomwa na konokono.

Konokono gani huyo?
Simbi yake ina umbo la pia: pana upande mmoja, imechongoka upande wa pili, na ufa mrefu mwembamba ubavuni. Aina zake ni mamia. Hatari kuliko wote kwa binadamu ni Conus geographus, anayeishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, pwani yetu ikiwemo. Hufika sentimita 10 na zaidi, ana mabaka ya kahawia juu ya weupe. Usiku anawinda samaki. Mchana amejificha chini ya mawe, palepale mnapoingiza mikono.

Konokono tu, anaweza kumdhuru mtu?
Ana chusa. Jino lake ni kijisindano chenye tundu, kimejaa sumu, na hukirusha kupitia mrija laini unaotoka mdomoni. Sumu hiyo inakata mawasiliano ya mishipa ya fahamu na misuli. Samaki hulegea papo hapo. Mtu huchukua muda kidogo, na huo muda ndio unaowadanganya.

Nikimshika upande mpana, si atashindwa kunifikia?
Atakufikia. Mrija unapinda na kurefuka. Glovu haizuii, mfuko wa kaptula hauzuii. Na simbi unayodhani tupu inaweza kuwa na mwenyewe ndani.

Nimechomwa, lakini haiumi sana. Nikapumzike nione?
Hapana! Hili nalirudia mpaka nachoka. Jino la huyu linaweza kuuma kidogo tu, pengine usilihisi kabisa. Kutouma si dalili ya usalama. Midomo inakufa ganzi, kope zinalegea, unaona vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, kisha misuli ya kupumua inasimama. Mwaka 1935, kwenye Hayman Island huko Australia, kijana mmoja alimshika Conus geographus, akachomwa kiganjani. Saa chache baadaye alikuwa amekufa.

Hata kama sina dalili yoyote?
Hata kama huna. Njoo sasa hivi. Usimalizie kapu la pweza, usisubiri mumeo arudi, na usilale. Ukilala, nani atajua kwamba umelegea kwa sumu na si kwa usingizi?

Wakati tunatafuta usafiri tufanye nini?
Mtoeni majini kwanza, asije akazama. Kama ni mkono au mguu, uviringisheni bendeji au kanga iliyochanwa, kuanzia vidoleni kwenda juu, kwa kukaza kama mguu ulioteguka. Ufungeni na ubao usitikisike. Mgonjwa atulie, abebwe, asitembee. Msimpe chakula wala kinywaji.

Na wembe? Kamba? Kunyonya?
Jamani. Wembe unaongeza kidonda, kamba ya kukaza inaua mkono, na kunyonya hakutoi sumu. Maji ya moto yanasaidia maumivu ya taa, kupooza hayakuzuii. Dakika 40 za kuchanjana ndizo dakika 40 mlizopaswa kuwa barabarani.

Nasikia sumu yake ni dawa.
Kweli, mwaka 2004 Marekani iliidhinisha zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyotokana na sumu ya ndugu yake, Conus magus. Inatengenezwa maabara na hupitishwa kwenye uti wa mgongo kwa vipimo. Haihusiani na konokono aliye kwenye ndoo yako.

Kama hakuna dawa ya kuua sumu hii, hospitali nije kufanya nini?
Kupumuliwa. Dawa ya kuua sumu haipo popote, lakini sumu inaisha yenyewe mwilini. Kazi yetu ni kumpumulia mgonjwa mpaka iishe, na kazi hiyo inahitaji mashine, ndiyo maana sisi wa zahanati tunakimbilia kumpa rufaa.

Akiacha kupumua njiani?
Mpulizieni mdomo kwa mdomo, kwa zamu, bila kuacha, hadi mlango wa hospitali. Mtu aliyepooza hivi hafumbui macho wala hajibu, lakini anaweza kuwa anawasikia. Msimfunike shuka.