Ukocha wa ADHD kwa mtu mzima ni nini hasa?

ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuuongoza umakini wake na kujizuia. Ukocha wa ADHD ni msaada wa kupanga na kutekeleza mambo ya kila siku, unaotolewa katika vikao vya mara kwa mara na mtu anayeijua hali hiyo vizuri. Kocha na mteja huchagua jambo moja linalokwama, huchunguza linakwamia wapi, hutafuta njia ya kulipitisha, kisha hukutana tena baada ya siku chache kuona kilichotokea. Kocha haandiki dawa, hafukui majeraha ya utotoni, na hamfanyii mteja kazi yake.

Mtu atauliza: mtu mzima mwenye ajira na digrii anahitaji vipi mtu wa kumuuliza kama amelipa bili ya umeme? Jibu liko ndani ya ADHD yenyewe. Kwa Kiswahili hali hii huelezwa kama upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliokithiri, na maelezo hayo yanapotosha mara mbili. Mtu huyo huyo anayeshindwa kumaliza barua ya kurasa mbili anaweza kukaa saa sita akifungua na kufunga redio mbovu, asikumbuke hata kunywa maji. Umakini anao. Kinachomponyoka ni kuuelekeza pale unapotakiwa, wakati unapotakiwa. Na utukutu wa mtu mzima mara nyingi umeingia ndani: mguu unaotikisika chini ya meza, mawazo yanayorukaruka, mdomo unaomkatiza mwenzake kabla hajamaliza, kadi ya benki inayotolewa kabla ya kufikiri.

Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013 (uliorekebishwa mwaka 2022), unataka kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea zipatikane angalau dalili 5 za kutokuwa makini, au 5 za utukutu na pupa. Kwa mtoto ni 6. Baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na ziwe zinajitokeza katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini. Sharti hilo la utotoni lina kazi kubwa, kwa sababu usingizi mbovu, msongo wa mawazo, sonona, matatizo ya tezi ya shingo na upungufu wa damu vyote humfanya mtu asahau na asimalize kazi. Aliyeanza kusahau mwaka jana baada ya kupata mtoto ana jambo lingine.

Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeifanyia kazi ADHD kwa miongo kadhaa, amekuwa akisisitiza hoja moja ambayo ndiyo msingi wa ukocha wote: shida ya ADHD ni kutenda unachokijua, wala si kutojua la kutenda. Mteja anajua kabisa kwamba ripoti inatakiwa Ijumaa. Anajua hata namna ya kuiandika. Ndiyo maana ushauri wa kawaida (andika ratiba, jitahidi, lala mapema) humwingia sikio moja ukatokea jingine. Ushauri huongeza maarifa, na maarifa yapo tayari. Kinachokosekana ni kitu cha kumsukuma palepale kwenye eneo la tukio: saa nne asubuhi ya Jumanne, mezani, na simu iko pembeni.

Wazo la kumpa mtu wa namna hii kocha lilipata umaarufu mwaka 1994, pale madaktari wawili wa akili wa Marekani, Edward Hallowell na John Ratey, walipopendekeza mtu wa kuwasiliana na mwenye ADHD dakika 10 hadi 15 kila siku: unahitaji msaada gani, una wajibu gani leo, mpango wako ni upi, kisha maneno ya kumtia moyo. Ukocha wa leo umepanuka, lakini mifupa yake ni ileile.

Hapa watu huchanganya majukumu. Daktari wa magonjwa ya akili, kama wale wanaopatikana katika hospitali za Mathari mjini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma au Muhimbili, ndiye anayechunguza, kutoa jina la hali na kuandika dawa. Mshauri nasaha au mwanasaikolojia hushughulika na huzuni, hofu, aibu na ndoa inayoyumba. Ipo pia tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na tabia, ambayo imetengenezewa toleo maalumu la watu wazima wenye ADHD. Kocha anabaki kwenye kalenda, meza, mfuko wa fedha na mlango wa kutokea. Kwa upande wa ushahidi, dawa na tiba hiyo ya mazungumzo vimepimwa kwa majaribio makubwa zaidi. Tafiti za ukocha ni chache, nyingi ni ndogo, na nyingine zimefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Matokeo yanatia moyo, lakini anayekuuzia ukocha kama mbadala wa hospitali anakuongopea.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Kikao cha kwanza huchukua dakika 90 hadi 120: historia fupi, dawa kama zipo, usingizi, ratiba ya wiki ilivyo kweli (siyo inavyotamaniwa), na maeneo mawili au matatu yanayouma zaidi. Baada ya hapo ni mara moja kwa wiki, dakika 30 hadi 60, kwa miezi mitatu hadi sita, kwa simu au video mara nyingi. Katikati ya vikao kuna ujumbe mfupi mara mbili au tatu. Usiudharau ujumbe huo: wiki nzima bila kuguswa ni muda mrefu sana kwa ubongo wa ADHD, na mpango uliokubaliwa Jumatatu huwa umeyeyuka kufikia Jumatano.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa ofisi Nairobi ambaye kila mwaka hupeleka ritani (taarifa ya mapato na kodi) kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, usiku wa tarehe 30 Juni, au huchelewa na kupigwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea ipi ni kubwa. Amekuja kikaoni mwezi Mei akisema, “Mwaka huu nitafanya mapema.” Kocha mzoefu haikubali sentensi hiyo. “Nitafanya ritani” si kazi, ni furushi la kazi. Atauliza: ukikaa sasa hivi kuianza, kitu cha kwanza mkono wako utagusa ni nini? Hapo ndipo ukweli hutoka. Neno la siri la iTax, tovuti ya kujazia ritani, limesahaulika. Barua pepe iliyosajiliwa ni ya zamani. Fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa mwaka mzima, lazima iombwe kwa idara ya rasilimali watu, na yule mama wa pale aliwahi kumfokea. Kazi ya dakika 30 imekwamia kwenye vikwazo vitatu vya dakika tano tano, na kimojawapo ni aibu tu.

Mpango basi hauwi “ritani kabla ya Juni.” Unakuwa: Jumanne saa nne na robo, nikishaweka kikombe cha chai mezani, namtumia ujumbe mama wa rasilimali watu wenye sentensi moja ya kuomba P9. Ujumbe wenyewe unaandikwa palepale kikaoni na kuhifadhiwa kwenye simu. Alhamisi ni kupata neno jipya la siri, basi. Jumamosi saa tatu asubuhi ni kujaza. Kila hatua ina siku, saa, kitu cha kuianzisha, na mtu atakayejua kama imefanyika. Huo muundo wa “likitokea hili, nafanya lile” umetokana na kazi ya mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na unasaidia kwa sababu uamuzi umeshafanywa mapema. Chai inapotua mezani hakuna mjadala tena.

Wakati ndio adui mkubwa, na hapa kocha hutumia muda mwingi kuliko popote. Wengi wenye ADHD wana nyakati mbili tu: sasa, na siyo sasa. Miadi ya saa nne ipo kwenye “siyo sasa” mpaka saa nne kasoro dakika kumi. Dawa ya kwanza ni kuacha kukumbuka saa ya kufika na kuweka alamu ya saa ya kutoka mlangoni. Hesabu hurudishwa nyuma kwa maandishi: daladala dakika 40, kusubiri kituoni 15, kutafuta funguo na kurudi kuchukua simu 10. Alamu ya kutoka inalia saa tatu kasoro dakika tano, na nyingine dakika 20 kabla yake ya kuacha chochote unachofanya. Alamu moja haitoshi, kwa sababu mtu huizima huku akisema “namalizia tu hiki.”

Dawa ya pili ni kupima. Mteja anakisia kazi itachukua muda gani, anaandika, anaifanya huku akipima, analinganisha. Baada ya vipimo vitatu vya kazi ileile anatumia kipimo, anaachana na makisio. Mpaka hapo, azidishe makisio yake kwa moja na nusu. Saa ya mishale ukutani ina faida ambayo simu haina: inaonyesha muda ukipungua kwa macho, na haina WhatsApp ndani yake.

Halafu kuna kufanya kazi mbele ya mtu. Waliowahi kuona akina mama wakichambua mchele barazani wanaijua siri hii bila kufundishwa: kazi ya kuchosha haichoshi sana ukiwa na mwenzako pembeni, hata kama yeye anafanya yake. Katika ukocha inapangwa rasmi. Watu wawili wanafungua video, kila mmoja anataja atakachofanya, wananyamaza dakika 25, wanapumzika 5, wanaripotiana. Hakuna kusaidiana. Kuwepo kwa mwenzako kunatosha.

Mambo haya huharibika kwa njia zinazojulikana, na kocha asiyekuambia mapema hajakutendea haki. Mfumo mpya hung’aa wiki tatu, kisha hufa. Siyo uvivu: upya ulikuwa ndio petroli yake. Kwa hiyo tangu mwanzo wanapanga kuubadilisha sura, rangi nyingine, mahali pengine, programu nyingine ya simu, bila kubadilisha kazi yenyewe. Kosa jingine ni malengo sita kwa mpigo. Moja, mawili yakizidi. Kosa la tatu ni kununua shajara ya bei kubwa na kudhani kazi imeanza.

Lakini kinachovunja ukocha mara nyingi zaidi ni aibu. Mteja hakufanya alichoahidi, anaona haya, anaahirisha kikao, anaahirisha tena, anapotea. Ni vizuri kukubaliana siku ya kwanza: usipofanya, njoo hivyo hivyo. Kikao cha aliyeshindwa kina habari nyingi kuliko cha aliyefaulu, kwa kuwa sasa mnajua mpango ulipasukia wapi. Kwa sababu hiyo hiyo mume au mke hafai kuwa kocha. Baada ya wiki mbili anageuka mzazi, maswali yanakuwa lawama, na kikombe kisichooshwa kinazua ugomvi wa miaka mitano.

Neno “kocha” halilindwi. Yeyote anaweza kujiita hivyo kesho asubuhi. Muulize alisomea wapi, saa ngapi, na kama mafunzo yalihusu ADHD au ukocha wa jumla tu. Shirika la kimataifa la makocha, ICF, lina ngazi tatu: ya kwanza, ACC, inadai mafunzo ya saa 60 na saa 100 za kufundisha wateja, PCC inadai 125 na 500, MCC 200 na 2,500. Cheti hicho peke yake hakisemi lolote kuhusu ADHD, kwa hiyo swali la pili ndilo la maana: mteja akikosa kutekeleza wiki tatu mfululizo, unafanyaje? Anayejibu kwamba mteja huyo hana nia, mshukuru na uondoke. Anayekwambia uache dawa, au anayeahidi kukuponya, usimshukuru hata. Waswahili wanaofanya kazi Uingereza wajue pia kwamba mpango wa serikali uitwao Access to Work unaweza kugharamia ukocha wa aina hii kwa mwajiriwa au aliyejiajiri.

Asiyemudu kocha anaweza kuanza na rafiki mwenye subira, kwa masharti makavu. Simu ya dakika 10, saa ileile, siku tano kwa wiki. Maswali matatu: nini leo, saa ngapi, nini kinaweza kukuzuia? Rafiki hashauri, hakemei, hakumbushii ya jana. Jioni anapokea uthibitisho, na huo uwe picha ya kitu chenyewe: risiti ya malipo, ukurasa ulioandikwa, vyombo vilivyooshwa. Neno “nimefanya” lisikubaliwe.