Tamada: msemaji mkuu wa karamu ya Kigeorgia

Tamada ni mtu anayeongoza supra, yaani karamu ya Wageorgia. Hii ni Georgia ya milima ya Kaukasi, yenye mji mkuu Tbilisi, si lile jimbo la Marekani. Ni rahisi kumfananisha na mshereheshaji wa harusi zetu, lakini mshereheshaji huchangamsha ukumbi na kusukuma ratiba. Tamada hubeba fikra za meza nzima, na mvinyo haunyweki mpaka yeye awe amesema.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Meza imejaa mpaka sahani zinapandana: khachapuri, ule mkate wenye jibini ndani, mboga zilizopondwa pamoja na kokwa za jozi, mishikaki. Tamada anainua glasi na kutaja jambo moja, tuseme amani, nchi, wazazi au urafiki. Analizungumzia kwa kina, kisha anamalizia kwa neno "gaumarjos", la kutakia ushindi. Wengine hufuata kwa zamu, kila mmoja akiongeza lake juu ya jambo lilelile. Kurukia mada nyingine ni kukosa adabu. Akitaka, tamada humkabidhi mtu fulani neno, na hiyo huitwa alaverdi. Aliyekabidhiwa hana budi kulipanua.

Kwangu mimi, kiini cha supra ni pale wanapokumbukwa marehemu. Glasi hazigonganishwi. Wapo wanaodondosha mvinyo kidogo juu ya kipande cha mkate kwa ajili ya waliotangulia. Mara nyingi neno linalofuata huwa la watoto, ili meza isibaki makaburini.

Mvinyo wa Georgia ni wa kale mno: vigae vya vyungu vilivyochimbuliwa kusini mwa Tbilisi vina mabaki ya mvinyo wa zabibu wa takriban miaka 8,000 iliyopita. Ufundi wa kuutengeneza katika qvevri, mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini, uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013. Supra kwa sura yake ya leo, yenye mpangilio huu wa hotuba, ni jambo jingine. Watafiti kadhaa wanaiweka karne ya 19, baada ya Urusi kuitwaa Georgia ya mashariki mwaka 1801. Naona hoja yao ina nguvu: taifa lililopoteza kiti chake cha enzi lilihitaji mahali pa kujitaja kwa lugha yake, na mezani palikuwepo.

Haja hiyo ilirudi tena. Jamhuri ya Georgia iliyotangazwa tarehe 26 Mei 1918 iliangushwa na Jeshi Jekundu, jeshi la Wakomunisti wa Urusi, mwaka 1921. Wakati wa Usovieti mikutano ya hadhara ilikuwa ya chama, lakini nyumbani, kati ya watu wanaoaminiana, tamada aliweza kumtaja Mungu, mababu na nchi. Uhuru ulitangazwa tarehe 9 Aprili 1991. Hata mvinyo wenyewe haukuepuka siasa: mwaka 2006 Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia, na zuio hilo likadumu mpaka 2013.

Desturi hii ina lawama zake, na ni za haki. Kwa kawaida tamada ni mwanamume. Wanaume husimama kuwasifu wanawake, huku wengi wa wanawake hao wakiwa mbioni kati ya jiko na meza. Kushurutishwa kunywa mpaka glasi iishe nako kumewachosha watu, hasa vijana wa mijini. Siku hizi wapo wanawake wanaoshika nafasi ya tamada.

Ukialikwa, usinywe kabla yake, wala usimkatize. Wakati wowote atakutakia heri wewe mgeni; sikiliza mpaka amalize, kisha uwashukuru wenyeji kwa maneno yako mwenyewe, na usiwe na haraka ya kuketi.