Skrini ya bluu si lazima iwe virusi

Hapa Dodoma, kompyuta ya nyumbani ikileta skrini ya bluu kila mara, wengi husema ni virusi, kisha wanakimbilia kupiga Windows upya. Mara nyingi sivyo. Windows hujisimamisha yenyewe ili data isiharibike, na chanzo cha kawaida ni draiva mbovu (programu inayoendesha kifaa), RAM (kumbukumbu ya muda), diski au joto kali. Julai 19, 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilikwama kwenye bluu kwa sababu ya sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike! Hapakuwa na kirusi hata kimoja.

Nakili msimbo wa hitilafu unaoonekana kwenye skrini hiyo. Ukiwa MEMORY_MANAGEMENT, pima RAM kwanza kwa mdsched, kipima kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows. Na vumbi letu la kiangazi huziba feni, mashine ikapata joto. Zima mashine, isafishe.