Paka mgeni na beseni la mchanga: tunayoambiana na yaliyo kweli

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, nililetewa paka dume kutoka Mafinga. Nyumba ninayopanga imezungukwa na saruji, hakuna hata kona ya udongo, kwa hiyo nilichota mchanga wa ujenzi kwa jirani, nikaujaza kwenye beseni la zamani. Paka aliunusa, akaukanyaga kwa mguu mmoja, akaukung'uta kama aliyekanyaga maji, akaondoka. Usiku ule alikojoa juu ya kiroba cha mahindi. Kulipokucha kila aliyepita mlangoni alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa wa kumwonea paka wangu.

"Mpake pua kwenye mkojo wake, atakoma." Hili ndilo limeenea zaidi na ndilo linaloharibu zaidi. Paka haunganishi adhabu ya asubuhi na haja aliyoifanya usiku. Anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, na kwamba kujisaidia mbele yako ni hatari. Kuanzia hapo atatafuta uvungu wa kitanda au nyuma ya kabati, na utapata tabu kugundua harufu inatoka wapi. Ukimkuta anachuchumaa pasipofaa, mbebe taratibu umpeleke kwenye beseni. Ukikuta ameshamaliza, safisha, basi.

"Anakukomoa." Hapana. Paka hana kisasi cha mkojo. Ana woga wa ugeni, au beseni limechafuka, au anaumwa.

"Paka lazima afundishwe choo kama mtoto." Kwa sehemu kubwa anakijua tayari. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, na kufukia haja ni tabia anayozaliwa nayo. Watoto wa paka huanza kuchimbachimba mchanga wakiwa na wiki 3 au 4 tu. Wanachotofautiana ni udongo waliouzoea utotoni, na hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilimpigia simu aliyenipa paka, akaniambia amekulia kwenye karakana ya useremala. Maisha yake yote alijisaidia kwenye maranda! Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaa wa Mwanjelwa, nikapewa kiroba cha maranda bure, nikayatandaza juu ya ule mchanga. Paka alizunguka mara mbili, akachimba kashimo kwa mguu wa mbele, akachuchumaa na macho yakiwa yamelegea. Kisha akafukia kwa bidii mpaka maranda yakaruka nje ya beseni. Nilipunguza maranda kidogo kidogo kwa wiki mbili, na leo anatumia mchanga mtupu.

Kwa hiyo kabla hujamchukua paka, uliza alikuwa anajisaidia wapi. Ukiweza, omba konzi mbili za mchanga wake wa zamani uchanganye na mpya. Siku za mwanzo mweke chumba kimoja pamoja na beseni lake, kwa sababu paka aliyeachiwa nyumba nzima siku ya kwanza hupotea njia.

"Beseni lolote, popote." Beseni liwe refu kuliko paka, kama mwili wake mara moja na nusu, ili aweze kugeuka. Mchanga uwe na kina cha sentimita 5 hivi. Liweke mbali na chakula chake, pasipo na kelele, na uokote uchafu kila siku. Paka wawili wanahitaji mabeseni matatu: moja kwa kila mmoja, na moja la ziada.

"Majivu yanatosha." Yanakata harufu, ni kweli, lakini yakilowa hunata kwenye nyayo, na paka hulamba nyayo zake. Majivu yenye maji huwasha. Achana nayo.

"Mwagia jiki, harufu iishe." Hatari kabisa. Mkojo una amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, hasa katika chumba ulichofunga madirisha kwa ajili ya baridi. Osha kwa sabuni na maji mengi, pangusia siki iliyochanganywa na maji, kisha anika juani.

"Mpe maziwa azoee nyumba." Paka wengi wakubwa hawamudu sukari iliyomo kwenye maziwa, na huharisha. Paka anayeharisha hafiki kwenye beseni. Maji yanamtosha.

"Mjamzito akiwapo, paka aondoke." Hofu hii ina chanzo cha kweli, maana kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasmosisi, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini vimelea hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kusafisha kila siku ni kinga kubwa. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Nyama isiyoiva na chainizi isiyooshwa vizuri navyo huambukiza, lakini vyakula hivyo hatuvifukuzi nyumbani.

"Dume anayeenda beseni kila dakika ni mchafu tu." Hili naomba ulishike. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hatoi mkojo au anatoa matone tu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha.