Msimbo kuwa wazi si ruhusa ya kuchezea seva yako

Wiki hii nimeisikia tena. Tulikuwa kwenye kikao cha kuchagua mfumo endeshi wa seva mpya, nikapendekeza Debian, mfumo wa Linux ambao msimbo wake (maagizo ya programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma, na mzee mmoja wa idara ya fedha akauliza: "Hiyo si ndiyo ile ambayo kila mtu anaweza kuingia akaibadilisha? Mafaili yetu yatakuwa salama kweli?" Wenzake wakaitikia. Nilimjibu palepale kwa heshima, lakini dakika mbili za kikao hazitoshi, na najua nitaulizwa tena kwingine. Basi naliandika jibu lote hapa.

Misingi kwanza, haraka haraka. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayozungumza na vifaa: prosesa, kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao. Ile ya Linux aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Zana nyingi zinazoizunguka zilitoka kwenye mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Debian, Ubuntu na Fedora ni wasambazaji: wanakusanya kerneli, zana na maelfu ya programu, wanazijaribu pamoja, kisha wanazitoa zikiwa mfumo mmoja wa kusakinisha. FreeBSD na OpenBSD ni ukoo mwingine, wenye kerneli zao. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na tangu Novemba 2017 kila kompyuta kwenye orodha ya TOP500 ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani inaendeshwa na Linux. Misingi inatosha hapo.

Sasa tuje kwenye kinachonichosha. Leseni inakuruhusu kubadilisha nakala yako. Ukitoa fotokopi ya hati ya kiwanja ukaichorachora, hati iliyoko ofisi ya ardhi haijaguswa. Kuingiza badiliko kwenye kerneli rasmi ni safari. Unaandika kiraka (faili la mabadiliko yako), unakituma kwa barua pepe kwa watunzaji wa sehemu husika, wanakisoma mbele ya watu wote, wanakuhoji, na mara nyingi wanakurudishia ukarekebishe. Kikipita kinaingia kwenye mti wa mtunzaji (nakala ya msimbo anayoisimamia), kisha kinapanda hadi Torvalds mwenyewe akiunganishe. Jina la aliyekileta na la aliyekipokea yanabaki kwenye historia. Historia hiyo inatunzwa na git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, na kila badiliko limefungwa kihesabu kwa yaliyolitangulia. Ukigusa la zamani kimyakimya, yote yaliyofuata yanabadilika alama (namba ndefu inayokokotolewa kutokana na maudhui, kama alama ya kidole), na nakala zilizotapakaa duniani zinakukana.

Kuna aliyejaribu njia ya mkato. Novemba 2003 mtu alivamia seva iliyokuwa na nakala ya msimbo wa kerneli katika CVS, mfumo mwingine wa kutunza mabadiliko, akapachika mistari miwili ndani ya kazi (kipande cha msimbo ambacho programu hukiita) iitwayo wait4. Ukiitazama haraka unaona ukaguzi wa kawaida wa makosa. Lakini ndani yake kulikuwa na hiki:

current->uid = 0

Alama mbili za sawasawa zingeuliza: je, mtumiaji huyu ni namba 0, yaani root, mwenye mamlaka yote? Alama moja haiulizi, inatenda: inamfanya mtumiaji kuwa root. Yeyote ambaye angeita kazi hiyo kwa vigezo fulani angepewa mashine nzima. Jaribio lilinaswa kwa sababu nakala ile ya CVS haikulingana na mti mkuu, na badiliko lenyewe halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa na mtu yeyote. Halikuingia kwenye kerneli rasmi.

Hiyo ni hatua ya kwanza, ya kuingia kwenye kerneli rasmi. Hatua ya pili ni kutoka kwa msambazaji hadi kwako, na hapa ndipo watu wanapojiumiza wenyewe. Ukiandika apt update (apt ni zana ya Debian ya kuleta na kusakinisha programu), Debian inakuletea faili linaloitwa InRelease, lenye sahihi ya kidijitali inayokaguliwa kwa ufunguo ambao tayari uko kwenye mashine yako. Faili hilo lina alama za orodha za vifurushi, na orodha zina alama ya kila kifurushi. Seva ya kioo (yenye nakala ya vifurushi) unayopakua kwayo inaweza kuwa ya chuo au ya kampuni ya intaneti usiyoijua kabisa. Mwenye seva hiyo abadilishe baiti moja ya kifurushi, apt itakikataa.

Kisha mtu huyohuyo anayeogopa "msimbo ulio wazi" ananakili mstari wa curl, amri ya kupakua, kutoka ukurasa asioujua na kuumwaga kwenye sudo bash, yaani kuuendesha kwa mamlaka yote ya mashine. Apt ikimlalamikia sahihi, anaandika trusted=yes ili inyamaze. ISO, faili la kusakinishia mfumo, anaipata kwenye flashi ya rafiki, na sha256sum, amri ya kukokotoa alama ya faili, hajawahi kuigusa. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakaelekeza kiungo cha kupakua kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingia). Msimbo wa Mint haukuwa na kosa. Aliyelinganisha alama na ile iliyotoka mahali pa kuaminika angeiona tofauti. Kulinganisha ni kazi ya dakika moja, jamani!

Lakini sitakuambia kwamba uwazi peke yake unakulinda, kwa sababu siamini hivyo. Mwaka 2006 mtunzaji halali wa Debian aliondoa mistari ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyokuwa ikileta onyo. Kwa kuiondoa akakausha chanzo cha unasibu, na funguo zikabaki na uwezekano wa takriban elfu thelathini na tatu tu kwa kila aina na ukubwa. Msimbo ulikuwa wazi muda wote huo, na kosa lilionekana Mei 2008.

Na kuna xz, programu ya kubana mafaili, inayoninyima raha hadi leo. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kazi halali kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa na kupewa mamlaka ya kutoa matoleo, kisha akaficha mlango wa nyuma kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya hila haikuwamo kwenye git: ilikuwa kwenye kifurushi cha msimbo alichokitoa mwenyewe. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona ssh, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inachelewa takriban nusu sekunde, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akaanika kila kitu. Uwazi ulimwezesha kuchimba, hilo ni kweli. Lakini nusu sekunde! Debian thabiti ilinusurika kwa kuwa ilikuwa bado na 5.4.1. Kuthibitisha kwamba kifurushi kimejengwa kutoka msimbo uleule, kazi nzuri ambayo Debian inaifanya, kusingeinasa hii, maana sumu ilikuwa kwenye msimbo uliotolewa.

OpenSSH, programu yenyewe ya ssh, wala haitumii xz. Wasambazaji kadhaa, Debian ikiwamo, waliiunganisha na maktaba ya libsystemd, na hiyo ndiyo iliyoivuta liblzma, maktaba ya xz, ndani. Kwa hiyo ukitaka kupima usalama wa seva yako, acha kuhesabu ni watu wangapi duniani wanaruhusiwa kusoma msimbo. Andika ldd /usr/sbin/sshd, pitia orodha ya maktaba zinazopakiwa, na kwa kila moja tafuta inatunzwa na watu wangapi na nani anawalipa.